Mdomo wa Pili Uko Namboboto

Niliondoka Khunyangu asubuhi moja bila kumuaga mtu. Si kwa ubaya. Ningeaga, ningeulizwa ninakwenda wapi, na jibu sikuwa nalo. Nilikuwa nimekaa pale tangu masika, nikimpakilia mahindi mwenye stoo mmoja sokoni, na siku hiyo niliamka tu nikajikuta nafunga begi. Trekta la miwa lilipopunguza mwendo kwenye tuta nikadandia nyuma. Dereva aliniona kwenye kioo, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake.

Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la saba. Watu hudhani niliichukia. Niliipenda sana, ila mwalimu wetu hakupenda maswali na mimi sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Trekta lilikata kona kuelekea kiwandani, nikashuka, nikatembea hadi Busia mjini. Kiu ilinisimamisha mbele ya duka la matairi. Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu ambaye babu yake alikuja huku na biashara ya ngozi, na yeye mwenyewe alizaliwa katika chumba cha nyuma ya duka hilohilo. Alinipa maji, kisha akaniambia nimsaidie kuviringisha tairi la trela. Nikaviringisha. Jioni bado nilikuwa pale, na wiki iliyofuata pia.

Nilichokipenda ni benchi lake. Madereva wa malori walikaa hapo wakisubiri tairi, na dereva anayesubiri hana pa kuyakimbia maswali. Niliwauliza kama mlima wa moto wa Goma unanuka. Niliwauliza kwa nini Kigali watu hawapigi honi, na Juba vumbi lina rangi gani. Wengine walinifukuza. Wengi walijibu mpaka wakasahau tairi.

Kisha akaja dada mmoja kutoka Nairobi, miwani usoni, kompyuta mgongoni, akitafuta mtu wa kufuatilia mambo ya barabarani. Kabla hajamaliza kueleza, mzee alininyooshea kidole.

"Mama, usihangaike. Chukua huyu. Mimi ananimaliza na maswali."

"Umesoma mpaka wapi?" dada aliniuliza.

"La saba."

"Unaweza kuandika kilichotokea bila kuongeza chumvi?"

"Sijui. Sijawahi kulipwa kwa kuacha chumvi."

Akacheka, nikapata kazi.

Ofisi yake ilifuatilia ghasia za kisiasa na maandamano katika nchi zetu hizi zinazopakana: Kenya, Uganda, Sudan Kusini, Kongo, Rwanda, Burundi. Mahali gani, lini, nani alimfanyia nani nini, nani aliumia. Kila tukio liliwekwa kama nukta kwenye ramani; ya manjano kwa maandamano, nyekundu kwa kifo. Malori ya nchi zote hizo yanapita Busia au Malaba, na madereva huona mambo kabla gazeti halijaamka. Mimi nilitakiwa kukaa nao, kuuliza, na kutuma kwa simu.

Sharti lilikuwa moja kubwa. Tukio halikuingia kwenye ramani mpaka lisemwe na watu wawili wasiohusiana. Dada alikuwa na maneno yake marefu ya kulieleza. Mzee wa matairi alilikata likawa fupi: "Midomo miwili ambayo haijala sahani moja." Tangu hapo nami nikawa nahesabu midomo.

Nikahamia Malaba, kwa sababu huko foleni ni ndefu zaidi. Nilipata chumba katika ploti nyuma ya ofisi za maajenti wa forodha: bati juu, bafu moja ya wote, kamba za nguo zinazokata uso ukipita bila kuinama. Chumba kilichopakana na changu alikaa mwendesha boda na mke wake. Yeye alikuwa Mteso mrefu, mwenye koti la mvua la njano ambalo alilivaa hata jua likichoma mawe, eti ndivyo wateja walivyomtambua kutoka mbali. Mke wake aliuza chapati na maharagwe kwa madereva. Chumba chao kilikuwa Kenya na kaburi la baba wa huyo mume lilikuwa Uganda. Kati yao kulikuwa na mto ambao wakati wa kiangazi mtoto anauvuka bila kulowesha magoti. Kwake hiyo haikuwa safari ya nchi mbili. Ilikuwa kwenda nyumbani na kurudi.

Yeye ndiye aliyenibeba kila nilipokwenda Busia na kurudi. Kazi yangu ilimchekesha.

"Boss," angeniambia nikipanda, "leo wamekufa wangapi ndani ya hiyo simu?"

"Leo hakuna."

"Basi leo hutakula."

Hakuwa na ubaya. Na mimi niliipenda kazi ile zaidi ya nilivyopaswa. Dereva aliyetoka Juba angesema barabara ilifungwa na watu mia.

"Uliwahesabu?"

"Nilikuwa nakimbia. Ningehesabu na visigino?"

"Walikuwa na bunduki?"

"Mmoja. Au fimbo. Wewe ukiona kitu kirefu unangoja kijitambulishe?"

Ningemwacha, niende mwisho wa foleni kutafuta mwingine aliyepita njia hiyohiyo na ambaye hakuwa amekunywa chai na wa kwanza. Mara nyingi mia iligeuka kuwa kumi, na bunduki ikawa fimbo. Mara nyingine ilikuwa kinyume, na hapo niliusoma ujumbe mara mbili kabla ya kutuma. Nilikuwa naijua habari ya vijiji ambavyo sitavikanyaga kamwe. Ilinipa hisia ya kusafiri bila kuchakaza viatu.

Halafu ghasia nilizozikusanya kutoka mbali zikanifuata nilipolala.

Vijana wa Busia waliingia barabarani kama vijana wa miji mingine nchini. Mzee wa matairi alinitumia sauti yake kwenye simu, akikohoa moshi: "Wamechoma matairi yangu mabovu yote. Miaka nimeyatafutia mteja." Siku iliyofuata wenzetu wa ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, ambao nao walikuwa na uchaguzi wao mbele na wasiwasi wao, wakafunga geti la daraja. Mtandao wa upande ule ukazimwa. Nyuma yetu, barabara ya kwenda Busia na ile ya kwenda Bungoma zikawa na mawe na magogo. Malaba ikawa kama chupa iliyofungwa pande zote mbili.

Foleni ya malori ilisimama tuli. Madereva walipika chini ya trela, wakafua, wakaanika soksi kwenye vioo vya pembeni. Ndizi za mtu ziliiva, zikaoza, zikaanza kuchuruzika kwenye lami, na nzi wakahamia mjini. Mimi, ambaye sijawahi kukaa mahali nikizuiwa kuondoka, nilianza kufunga begi kila asubuhi na kulifungua kila jioni. Nilitembea mpaka getini, nikageuka. Nikatembea mpaka kwenye mawe, nikageuka. Watu wa ploti walifikiri natafuta kitu nilichoangusha.

Na hakukuwa na habari. Hilo ndilo lililonichoma. Nje yetu mambo yalikuwa yanatokea, lakini hakuna lori lililoingia, na ng'ambo simu hazikupokelewa. Nilikuwa nasikiliza nchi sita. Sasa nilisikia ploti moja na mtoto wa jirani anayekohoa.

Mwendesha boda ndiye peke yake aliyeendelea kufanya kazi. Alijua njia za nyuma ya nyumba, katikati ya mihogo, zinazotokea mbele ya vizuizi. Siku aliyokufa alimbeba mama mmoja wa makamo aliyekuwa amevuka mto kule chini, kwa miguu, na gunia la marando. Marando ni zile kamba za viazi vitamu unazokata na kuzipanda. Ng'ambo wana aina ambayo huku wanaitafuta sana, haikatai udongo mwekundu. Mama alitaka kufika kwao Namboboto kabla hayajanyauka. Mwendesha boda alimwambia hivyo mke wake mbele yangu, alipopita kuchukua chapati ya njiani, mama akiwa ameshaketi nyuma na gunia mapajani. Nilimuuliza mama anapandaje, kwa matuta au tambarare. "Kwa matuta, mwanangu," akasema. "Tambarare ni ya wavivu."

Wakaondoka. Hawakufika mbali.

Mwenyekiti wa steji ya boda, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, ndiye aliyekuja kusema. Alisimama mlangoni kwa jirani yangu, akavua kofia, na mke alijua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu mwenyekiti huyo havui kofia hata wimbo wa taifa ukiimbwa. Nyuma ya kituo cha mafuta kulikuwa na vijana wenye mawe upande mmoja na askari upande mwingine. Pikipiki ilitokea katikati yao. Mwenyekiti alisikia mlio, akakimbia, akamkuta ameanguka. Nani alifyatua, hakuona. Mama wa marando hakuwepo tena. Gunia lake lilikuwa limelala kwenye mfereji, zima, majani yakichungulia.

Walilileta gunia pamoja na koti la njano. Mgongoni mwa koti kulikuwa na tundu ambalo kidole chako kidogo kingeingia bila kubanwa.

Jioni mjane aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, hajawasha jiko, na mbele yake lile gunia.

"Wewe unaandika," akasema.

"Naandika."

"Huyu usimwandike."

Nilikaa chini. Akaniambia polepole, kama anayemfundisha mtoto njia ya kisimani.

"Huko mochari wamesema kama ni risasi, lazima daktari wa kupasua aje. Daktari yuko Busia, barabara imefungwa. Mwili ungoje daktari, ungoje polisi, ungoje barabara. Kama ni ajali ya pikipiki, nachukua kesho kutwa. Nimesema ni ajali."

"Na wamekubali?"

"Hawakuangalia mgongo. Baba yake amelala ng'ambo. Mama yake angali hai, yuko huko, na simu haiingii, hajui. Siwezi kumzika kwenye ploti ya kupanga, chini ya kamba za nguo. Nikimfikisha kwao, akishalala kando ya baba yake, nitakuambia. Hapo andika mpaka hiyo simu ivunjike."

"Na wakija kumfukua?"

"Waje. Watamkuta kwao."

Nikasema sawa. Usiku ule simu iliwaka. Dada wa Nairobi alikuwa amesikia tetesi za mtu aliyeuawa Malaba. Je, nimeona? Nimesikia? Nilimjibu kwamba bado nauliza. Hilo halikuwa uongo kamili, ila ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuficha mdomo nilioujua.

Asubuhi ya kumchukua marehemu, waendesha boda wote wa Malaba walikusanyika stejini. Sijui kwingine, lakini huku kwetu magharibi mwenzao haendi nyumbani kimyakimya. Wanakata matawi mabichi na kuyafunga mbele ya pikipiki, wanawasha taa mchana, wanapiga honi, wanavuta mafuta mpaka injini zinalia, wanayumba barabarani kushoto na kulia mbele ya jeneza. Kifo kinasindikizwa kwa fujo ili kisidhani kimeshinda. Mtu akipita kimya, majirani huuliza alikuwa ameiba nini.

Jeneza lilifungwa kwenye mkokoteni wa magurudumu unaovutwa na pikipiki. Mjane alikaa pembeni yake. Mimi nilitembea nyuma na begi langu, kwa sababu nilikuwa nimezoea kulibeba.

Walipokata kona kuelekea darajani, walikuwa wengi, wakipiga mayowe, matawi yakitikisika, wameziba barabara nzima. Askari waliopangwa getini siku hizo hawakuwa wa kwetu. Walikuwa wameletwa kutoka mbali, vijana wa sehemu ambazo maiti hupelekwa kwa maombi na magari yaliyofungwa vioo. Na kilichokuwa kibaya zaidi, ni waendesha boda haohao, kwa matawi hayohayo, waliokuwa wamefunga barabara wiki iliyotangulia. Wakaona kile walichoambiwa wangoje kukiona.

Gesi ya kwanza ilianguka mbele ya pikipiki ya mwenyekiti. Ya pili ikabingirika mpaka kwenye gurudumu la mkokoteni. Nilichokiona kabla macho hayajafunga ni mjane akilala juu ya jeneza, amelikumbatia kwa mikono yote miwili, kama mtu anayezuia bati wakati wa upepo. Tulilisukuma jeneza mpaka kwenye kivuli cha trela moja la simenti. Dereva, mtu wa Kigali, alitupa maji yake yote ya kunywa tukanawa.

Ofisa mmoja alikuja baadaye, kofia mkononi, akaona sanduku.

"Mbona hamkusema ni maiti?" akauliza.

"Tulikuwa tunasema," mwenyekiti akamjibu, machozi ya gesi yakimtiririka. "Ile yote ilikuwa kusema."

Tukamrudisha mochari.

Jioni dada wa Nairobi akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka vizuri, aliyemaliza kazi.

"Tumepata maandamano ya Malaba ya leo," akasema. "Kuna picha, na watu wawili tofauti wamethibitisha. Tumeshaweka."

"Hayakuwa maandamano."

"Hawakufunga barabara?"

"Walifunga."

"Hawakuwa wanaelekea getini?"

"Walikuwa."

"Hawakuwa na matawi?"

"Dada, yalikuwa mazishi."

"Mazishi ya nani?"

Nikatazama ukuta. Upande wa pili wa ukuta ule mjane alikuwa anasogeza sufuria. Nikimtaja marehemu, ofisi ingeuliza alikufaje. Nikisema risasi, nimevunja ahadi na mwili ungebaki. Nikisema ajali, nimeandika uongo kwa mkono wangu.

"Ya mtu wa boda," nikasema.

"Alikufaje?"

"Nauliza bado."

"Unauliza sana siku hizi," akasema, si kwa ukali.

Kwa hiyo ramani ilikuwa na nukta ya manjano pale ambapo watu walikuwa wanamsindikiza mwenzao, na haikuwa na chochote pale alipoangukia. Ukuta mmoja tu ulinitenga na ukweli huo, na nilibanwa nao usiku kucha.

Asubuhi nilipotoka, waendesha boda walikuwa wananingoja kwenye mlango wa ploti. Picha ilikuwa imesambaa, na habari kwamba Malaba kulikuwa na wahuni. Mwenyekiti alikuwa mbele, macho mekundu.

"Boss, ni nani hapa kila siku anauliza uliza na simu?"

"Ni mimi."

"Sisi tunabeba ndugu yetu, wewe unapelekea watu wa Nairobi kwamba tunaandamana."

"Si mimi niliyetuma."

"Si wewe!" mmoja nyuma akapaza. "Huyu jamaa akiona kuku wawili wanapigana anatuma!"

Walicheka, na kicheko kile kilinitisha zaidi ya hasira. Mmoja alikuwa ameshanishika ukosi. Nilikuwa na jambo la kusema ambalo lingeniokoa pale pale: kwamba nilijua kuhusu tundu la koti na nilikuwa sijaliandika. Lakini si wote walijua habari ya karatasi ya mochari iliyosema ni ajali, na maneno hutembea. Nikanyamaza. Ni mjane aliyetokea, unga wa chapati mpaka kwenye viwiko.

"Mwachilie," akasema. "Huyu ninamjua anachokiandika na asichokiandika."

"Mama, lakini—"

"Nimesema mwachilie. Na mnisikilize. Leo namchukua tena. Hakuna tawi. Hakuna honi. Hakuna kuwasha injini."

Steji nzima ilishtuka kana kwamba ametukana.

"Mama, tumsukume kama mwizi?" mwenyekiti akauliza.

"Msukumeni kama mtu anayekwenda kwao. Mimi ndiye mke. Aibu ni yangu, nitaibeba."

Walibishana naye mpaka jua likapanda, na hakurudi nyuma hata hatua moja. Mwishowe wakafungua matawi, mmoja mmoja, wakayaweka kando ya mfereji. Kisha wakasukuma. Pikipiki zote za Malaba zilipita kati ya malori injini zikiwa zimezimwa, wanaume wameinama kwenye usukani, hakuna aliyesema neno. Ulisikia minyororo na tairi kwenye lami. Madereva walishuka kutoka kwenye trela, wakasimama. Pikipiki ya marehemu niliisukuma mimi. Mwenyekiti mwenyewe alinikabidhi, bila kunitazama.

Sijawahi kusikia kitu kizito kama kimya kile. Nilidhani askari wangekiogopa zaidi ya honi. Lakini ofisa alivua kofia. Waliongea na wenzao wa ng'ambo, wakaangalia karatasi, wakafungua geti upana wa mkokoteni. Jeneza, mjane, na ndugu wawili wa marehemu. Wengine wote, nyuma. Nikamkabidhi ndugu mmoja pikipiki. Mjane hakugeuka. Geti likafungwa, na kusikia lile komeo kulinifanya nihisi ni mimi niliyebaki kaburini.

Alikuwa ameniachia gunia. Kabla ya kuondoka aliniambia nilimwagie maji. "Mwenye nalo atakuja," alisema. Hakuja mtu. Majani ya juu yakaanza kuwa manjano, hivyo nikaweka gunia bafuni, na wapangaji wakagombana nami kila asubuhi.

Habari ilikuja na lori. Walifungua geti kwa mizigo inayooza tu, na dereva wa samaki akitoka ng'ambo alishusha kioo akiniona.

"Wewe ndiye mtu wa nukta?"

"Nani amesema?"

"Mama mmoja, mjane. Amenisimamisha njiani. Anasema hivi: amelala kando ya baba yake. Mama mkwe alimwosha, akaona mgongo. Anasema, sasa andika."

Niliandika nikiwa nimeegemea mlango wa lori lile. Niliandika koti, tundu, kituo cha mafuta, mawe, askari, na kwamba aliyefyatua hakuonekana. Niliandika pia kwamba yale ya darajani yalikuwa mazishi. Dada alijibu haraka. Alisema pole, na nadhani alimaanisha. Kisha akasema alichopaswa kusema: mjane, mwenyekiti na mama mkwe wote ni watu wa marehemu. Wamekula sahani moja. Hao ni mdomo mmoja. Bila wa pili, marehemu angebaki pembeni, kwenye yale yasiyothibitishwa, na mazishi yake yangebaki maandamano. Nilitaka kumkasirikia. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimewafanyia hivyo watu wangapi wa Juba na Goma, wenye mdomo mmoja tu?

Mdomo wa pili ulikuwa umekaa nyuma ya pikipiki ile, na gunia mapajani. Nikafunga begi, na siku hiyo sikulifungua.

Kwenda Namboboto nilipita nyuma ya nyumba za watu, gunia begani, likinitiririkia mgongoni. Baiskeli ilinibeba mpaka Alupe, ambako wagonjwa walikaa nje ya ukuta wa hospitali wakisubiri magari yasiyokuja. Busia nilipita pembeni, kwa mzee wa matairi. Duka lake lilikuwa na harufu ya mkaa, na yeye alikuwa amekaa kwenye benchi langu. Alilinusa gunia. "Unatoka kazini au shambani?" akaniuliza. Akanitafutia pikapu ya mteja wake iliyokuwa inajaribu bahati kuelekea Funyula. Tulisimamishwa na vijana mara kadhaa. Kila mara walilifungua gunia, wakaona majani, wakatuachilia. Nadhani ni kitu pekee barabarani siku zile ambacho hakikuwa upande wowote.

Nilishushwa jua likiwa limeshika miti. Namboboto sikuwahi kufika. Nilikaa kidogo kando ya njia nikitazama mashamba, yote kwa matuta. Mwanamke mwenye posho mill, mashine ya kusaga unga, alikuwa anafunga mlango, nyusi nyeupe kwa unga. Nikamuuliza kama kuna mahali pa kulala.

"Kuna chumba nyuma ya mashine. Kinatikisika mchana." Akatazama gunia. "Hayo marando umeyatoa wapi?"

"Malaba."

Aliacha kufuli ikining'inia.

"Kuna mama hapa alienda kuleta kama hayo," akasema kwa sauti ya chini. "Alirudi mikono mitupu, bila hata kitambaa cha kichwa. Hatoki. Hata kanisani hatoki. Watoto wake wanamchotea maji. Amewaambia akija mgeni, waseme amesafiri."

"Ni yake haya."

"Na wewe ni nani wake?"

Nilitafuta jibu fupi. "Nilimuuliza anapandaje. Aliniambia kwa matuta."

Mwanamke alinitazama kwa muda mrefu. Nilijua anachopima. Mtu anaweza kumletea jirani yake marando, na mtu huyohuyo anaweza kumletea askari.

"Unataka aseme," akasema.

"Nataka aseme. Asipotaka, nitamwachia marando."

"Kesho asubuhi nitampelekea habari kwamba marando yamefika. Ya kusema, hayo sitamwambia. Utamwambia mwenyewe, na akikufungia mlango, usigonge mara ya pili."

"Sitagonga."

Akanipa ufunguo na ndoo. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, na dirisha lililotazama ukuta wa mashine. Simu iliwaka: dada wa Nairobi, akiuliza kama nimepata. Niliigeuza uso chini. Nilifungua gunia, nikang'oa majani yaliyokufa, na kamba zilizobaki nikazisimamisha ndani ya ndoo. Zilikuwa zimeanza kutoa mizizi.